Siku tano kwenye njia ya gari la moshi la Bububu

Siku ya kwanza, Alhamisi

Boti ya Dar imefunga gati Malindi saa nne na nusu asubuhi. Nimeshuka na begi la mgongoni, daftari, na karatasi niliyoichora mwenyewe jana usiku: mstari mmoja unaoanzia Ngome Kongwe, unafuata ufukwe, unapenya Malindi, unatokea Gulioni, Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el Ras, na kuishia Bububu. Maili 7, kama kilomita 11 hivi. Huko ndiko lilikopita gari la moshi la Unguja. Wengi huja kisiwa hiki kwa ajili ya bahari. Mimi nimekuja kuitembea reli ambayo haipo tena.

Ni mtoto wa Tanga mimi. Babu yangu mzaa baba alifanya kazi ya njia: kubadilisha mataruma, kupanga kokoto, kugongea misumari juani kutwa nzima. Kengele ya shule yetu ya msingi ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mwembe, na mwenye zamu alikigonga kwa nondo mpaka mikono ikafa ganzi. Treni kwetu ilikuwa kama jamaa wa ukoo. Kwa hiyo nilipokuja kusikia, tayari ni mtu mzima, kwamba ng'ambo ya mkondo huu tu kulikuwa na treni, tena mbili kwa zama mbili, nilijiona kama mtu aliyefichwa habari ya nyumbani kwao. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisaka.

Kutoka bandarini nimekwenda moja kwa moja Forodhani. Ngome Kongwe ipo palepale, kuta zimeparara kwa chumvi ya bahari. Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondoka. Jirani yake, Beit al-Ajaib, iliporomoka upande mmoja Desemba 2020; nimepita nikiitazama kwa uchungu, sikukaa.

Nimeketi kivulini pembeni mwa ngome nikaandika kwanza habari za treni ya Sayyid Barghash, maana mtu akisikia reli ya Unguja hiyo ndiyo huitaja. Mwaka 1879 Barghash bin Said, sultani wa Unguja wakati huo, alitandika reli ya maili 7 kutoka kasri lake la mjini kwenda kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Mwanzoni mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 treni nayo ikafa, reli na kichwa vikaishia kwenye chuma chakavu. Sisi wa Tanga hujidai kwamba reli yetu ndiyo ya zamani bara, ilianza kujengwa mwaka 1893, na Mombasa wakafuata mwaka 1896. Unguja walikuwa wametutangulia sote kwa zaidi ya muongo. Lakini ile ilikuwa treni ya mtu mmoja na wageni wake. Mtu wa kawaida aliisikia tu ikipita.

Ya pili ilikuwa na watu wake, na ndiyo niliyoifuata. Kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney ya New York, iliyokuwa ikinunua pembe za ndovu hapa, iliijenga kati ya 1904 na 1905, zama za Sayyid Ali bin Hamud, wakati serikali yenyewe ilikwisha kuwa chini ya himaya ya Mwingereza tangu 1890. Wamarekani hawakuwa wageni Unguja. Bibi zetu huku mwambao mpaka leo ile nguo nyeupe nzito huiita marekani. Ngome hii ninayoiegemea ilifanywa ghala la kazi ya reli. Treni iliondokea hapa, mbele ya bahari.

Alasiri, katika duka moja la picha za zamani, nikaonyeshwa picha ya treni yenyewe. Mabehewa ni ya mbao, yana paa lakini hayana kuta, abiria wamekaa kwenye mabenchi na upepo unapita. Nyumba za mawe zimeibana kulia na kushoto, kiasi kwamba aliyeketi barazani angeweza kumpa abiria kikombe cha kahawa bila kuinuka. Watoto wamejibanza ukutani, macho yamewatoka. Mwenye duka aliponiona simrudishii picha yake akasema, "Yakhe, hiyo siiuzi. Lakini itazame utakavyo."

Usiku nimekunywa kahawa Sokomuhogo. Nikasema kesho ninaanza safari ya Bububu kwa miguu. Baraza zima likanigeukia.

"Kwa miguu ya nini, na gari za 502 zimejaa hapo Darajani?"

"Anaifuata reli," mwengine akamjibu.

Hapo ukazuka ubishi uliokula kahawa tatu. Kijana mmoja alishika kwamba Bububu imepata jina kwa lile gari la moshi, lilikuwa likienda likisema bu-bu-bu-bu, basi watu wakaita hivyo. Wengi wakamuunga mkono. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni, akizungusha kikombe chake kidogo kwenye vidole, alisubiri wanyamaze.

"Gari limekuja likalikuta jina," alisema. "Mwanangu, ukifika Bububu usiulize gari. Uliza maji."

Siku ya pili, Ijumaa

Nimeanza saa kumi na mbili asubuhi, nimeweka mguu wa kwanza mbele ya ngome kana kwamba nasubiri filimbi. Barabara ya Mizingani saa hizo ina wavuvi, paka, na vijana wanaosafisha Forodhani baada ya vyakula vya usiku. Upande wa kushoto bahari imetulia. Nimetembea taratibu nikiyatazama majengo kwa kimo ambacho abiria wa behewa la wazi angeyatazama, na mara nikaona kwa nini reli ilipitishwa hapa: palikuwa na forodha, palikuwa na bandari, na ndipo penye nafasi, kwa kuwa nyuma yake mji wote ni vichochoro.

Nimepumzika chini ya Mti Mkubwa, ambao wenyeji huuita Mtini tu. Sayyid Khalifa bin Harub aliupanda mwaka 1911, mwaka alioshika utawala. Mwaka huohuo serikali iliinunua reli ya Bububu kutoka kwa Wamarekani. Sijui kitu kingine chenye uhai mjini ambacho ningeweza kukigusa na kusema hiki kiliisikia treni ikipita. Mti huu ulipokuwa mche wa kimo cha mtoto, moshi wa treni uliupitia majanini. Mafundi wa boti wanafanya kazi kivulini mwake. Nimeweka kiganja kwenye shina, lina baridi, limejaa mizizi iliyoshuka kutoka juu ikageuka nguzo. Fundi mmoja aliyekuwa akiziba boti kwa pamba na mafuta aliniuliza kama nimechoka. Nikamwambia la, nasalimia.

Malindi ndipo njia inapobana, na ile picha ya jana ikanirudia. Nimejaribu kunyoosha mikono miwili katika kichochoro kimoja, nikashika kuta zote mbili. Treni haikupita kwenye kichochoro hicho, ilihitaji zaidi, lakini hata penye mtaa mpana unajiuliza mama aliyekuwa na mtoto mdogo mlangoni alikuwa akiishi vipi. Kila saa kadhaa anasikia chuma kinakuja, anamshika mtoto, anavuta mlango, kinapita, anafungua. Nyumba hizi zina milango ya kuchonga yenye misumari ya shaba, na mbele yake baraza za mawe. Nyingi zilikuwapo tayari treni ilipokuja. Zimeipokea na zimeiaga.

Swala ya Ijumaa nimeswali Malindi, kwenye Msikiti wa Mnara, ule wenye mnara wa umbo la pia. Baada ya hapo nikala mkate na pweza wa nazi, nikaendelea.

Kati ya Malindi na Gulioni sikukaa sana. Mkono wa bahari uliokuwa ukitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo umejazwa zamani, sasa ni barabara, maduka na magari, na jua lilikuwa la saa nane. Nimepita nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho ya bara. Imejengwa zama za Sayyid Majid. Watu wengi huipiga picha. Mimi nilikuwa nawaza reli.

Maruhubi nimefika alasiri, bahari imekupwa. Nguzo za kasri la Barghash zimesimama kwenye nyasi, nene, hazina dari. Alilijenga mwaka 1882, likaungua mwaka 1899. Kwa hiyo treni ya Bububu ilipoanza kupita hapa, abiria waliona magofu haya kama ninavyoyaona mimi, ila mapya, pengine bado yana weusi wa moto. Nimeukuta mfereji wa maji uliopitishwa juu kwa juu, na matangi yake makavu. Nikakumbuka maneno ya mzee wa Sokomuhogo, kwa sababu Barghash huyuhuyu ndiye aliyevuta maji kutoka chemchemi ya Bububu kuyaleta mjini. Kumbe kabla ya reli, Bububu na mji vilishaunganishwa na mfereji. Nimeliandika hilo na kulipigia mstari mara mbili.

Nimelala kwa rafiki, si mbali na hapo. Miguu inauma vizuri.

Siku ya tatu, Jumamosi

Leo nimetembea kidogo nikasimama sana.

Mtoni kwanza. Hapa ndipo Sayyid Said bin Sultan alipoweka kasri lake la mwanzo Unguja, tangu mwaka 1828, na ndipo alipozaliwa binti yake, Sayyida Salme, mwaka 1844. Magofu yako karibu na maji. Nimesimama barabarani, nikageuka kulitazama kasri, nikageuka kuitazama njia. Magari yanapita mfululizo: malori ya mchanga, pikipiki, daladala za 502 zenye konda aliyening'inia mlangoni akiita "Bububu, Bububu, Bububu!" Ukilisikia jina hilo likiitwa mara tatu kwa kasi ya konda, unaelewa yule kijana wa barazani alivyokuwa na haki ya kufikiri ni sauti ya injini.

Moja ya gari hizo ilikuwa ya zamani, ile ya lori dogo lililotengenezewa mbao, paa juu, pembeni wazi, mabenchi mawili yanayotazamana, zile zinazoitwa chai maharage. Zamani barabara zote za Unguja zilikuwa na hizo, sasa zinapungua. Imesimama mbele yangu kumshusha mama mmoja na kapu lake la ndimu. Konda amelishusha kapu kwanza, kwa adabu, kisha akampa mama mkono. Paa, mabenchi, ubavu wazi, mama na kapu. Nimeiona picha ya treni ikitembea mchana kweupe kwenye njia yake ileile.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema katika safari hii yote. Reli ya Bububu husimuliwa kama kioja cha kikoloni, kitu cha kuchekesha watalii: treni ndogo, kisiwa kidogo. Hata abiria wa meli zilizotia nanga kwa saa chache walipakiwa ndani yake kwenda kuonyeshwa mashamba. Lakini kila siku, mtalii awepo asiwepo, ilijaza watu wa mjini na wa shamba, watu wa makapu. Ilikuwa usafiri wao. Ilikwenda mara kadhaa kwa siku, na kwa mara ya kwanza mtu wa Bububu aliweza kuuza mali yake mjini asubuhi na kulala kwake usiku bila kubeba mzigo kichwani maili 7 kwenda na maili 7 kurudi. Kwa aliyewahi kubeba mkungu wa ndizi kwa mwendo huo, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Nimepita Kibweni haraka, kasri lililojengwa mwaka 1915, halifunguliwi kwa wapita njia. Nikafika Beit el Ras saa tano.

Hapa nimekaa mpaka alasiri. Sayyid Said alianza kujenga Beit el Ras mwaka 1847, kwa kuwa Mtoni palikuwa pamejaa watoto na jamaa. Alifariki mwaka 1856 nyumba haijaisha, na mwanawe Majid hakuendelea nayo. Ikabaki gofu ambalo halikuwahi kuwa nyumba. Kisha ikaja reli, ikahitaji mawe, na mawe yalikuwa hapa, yamechongwa tayari, karibu na njia. Sehemu kubwa ya kasri ikachukuliwa kwenda kujenga reli. Kilichosalia kikavunjwa mwaka 1947 kupisha skuli na chuo cha ualimu, ambacho leo ni kampasi ya Nkrumah ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Limebaki baraza kubwa la mbele tu, na matao yake marefu na ngazi upande mmoja. Nimeomba ruhusa, mwanafunzi mmoja kutoka Pemba akanisindikiza. Alisema hupenda kuja kusoma hapo kwa sababu ya upepo. Nilipomweleza kwamba ndugu wa mawe haya walikwenda kulala chini ya treni, alinyamaza kidogo, kisha akasogeza uso wake kwenye ukuta kama anayesoma maandishi madogo. Nami nikasogeza wangu.

Ni mawe ya matumbawe. Ukikaribia sana unaona vijitundu vya nyota, mamia, kila kimoja kilikuwa nyumba ya mdudu wa baharini. Kati ya jiwe na jiwe ni chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu, na mahali mvua ilipokula chokaa, jiwe limejitokeza kama jino. Nimepitisha kidole kwenye mfereji wa maungio, chokaa ikatoka unga mweupe ukanata kwenye jasho. Fundi aliyepaka chokaa hii alidhani anamjengea Sayyid nyumba. Hakujua kwamba mawe mengine aliyoyapanga yatapanguliwa na watu wa New York.

Na haya ya mawe hayakuishia hapo. Abiria waliacha kupanda treni mwaka 1922. Barabara zilikuwa zimetengenezwa, magari yameingia, na reli fupi ya maili 7 haikuweza kushindana na gari linalokwenda kokote. Lakini treni haikuzimwa siku hiyo. Ilipewa kazi ya kubeba mawe ya kujazia bahari kwa ujenzi wa bandari mpya mjini, kazi ya miaka ya 1920. Miaka yake ya mwisho haikubeba mama wala kapu, ilibeba mawe tu, ikiyapeleka kuifanya bahari kuwa nchi kavu. Ilipomaliza, nayo ikamalizwa. Muongo huo haukupita na treni ikiwa bado hai.

Nilipomweleza mwanafunzi hayo, aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Sasa mbona hapa hapajaandikwa?" Alikuwa anaonyesha ukuta, mahali ambapo kibao kingeweza kukaa. Nami nauliza vilevile. Kibao cha mistari mitatu hakihitaji fedha nyingi. Walimu wanaosomea hapa watakwenda kufundisha visiwa vyote viwili. Wakitoka na hadithi hii midomoni, hakuna mtoto atakayekuja kujiona kama nilivyojiona mimi.

Siku ya nne, Jumapili

Kutoka Beit el Ras hadi Bububu ni mwendo mfupi, lakini nimeutumia asubuhi nzima. Nimetazama pembeni mwa barabara kila hatua. Barabara ya leo inaandamana na njia ya reli, mara karibu, mara mbali kidogo. Karibu na Bububu mzee mmoja aliyekuwa akichanja kuni aliniona nimeinama kwenye majani, akaja.

"Umepoteza nini?"

"Shikamoo mzee. Natafuta tuta la gari la moshi."

"Marahaba. Umelikanyaga."

Kweli. Ardhi pale imenyanyuka kwa kimo cha goti, imenyooka kuliko ardhi inavyonyooka yenyewe, inakwenda hivyo hatua kama sitini kisha inamezwa na uzio wa nyumba. Juu yake pameota minazi miwili na kisamvu cha mtu. Nimepiga magoti nikafukua kwa kijiti, zikatoka kokoto, pamoja na udongo. Babu yangu alikuwa akisema tuta la reli halidanganyi: maji ya mvua huliogopa, huzunguka. Mzee alinithibitishia hilo bila mimi kumwuliza. Masika, alisema, uwanja huu hujaa maji pande zote, pale juu hapajai, ndiyo maana mkewe amepanda kisamvu hapo.

Hakuiona treni. Aliyewahi kuipanda hata akiwa mtoto mdogo angekuwa na zaidi ya miaka mia sasa. Lakini bibi yake alikuwa akipanda. Alikuwa akipeleka mchicha na ndimu, na akirudi na mkate wa boflo kwa wajukuu, na mkate ule uliitwa nyumbani kwao mkate wa gari, hata miaka mingi baada ya gari lenyewe kufa. Alilisema neno hilo, mkate wa gari, kwa sauti ya mtoto anayeusubiri. Nikamwomba alirudie, nikaliandika.

Bububu yenyewe ni njia panda yenye kelele. Magari ya Mkokotoni yanashika kaskazini, na ukipanda juu unakwenda Dole na Kizimbani, kwenye karafuu, mdalasini na hiliki. Hapo unaona kwa nini reli iliishia hapa isiende mbele: mali ya mashambani ilikuwa ikishukia hapa kwa vichwa vya watu na migongo ya punda, ikakutana na chuma. Nimewauliza watu watano stesheni ilikuwa wapi, nikapata majibu manne, na kila aliyejibu alijibu kwa uhakika. Nimeuliza pia kama kuna mtu aliyehifadhi kipande cha reli. Hakuna. Nilitamani sana kukiona, nikigonge mara moja tu kwa jiwe nisikie kama kina sauti ileile ya kengele ya shule yetu.

Nimefikia kwa bi mkubwa mmoja, shangazi wa rafiki yangu, nyumba ya makuti karibu na pwani. Amenipikia shelisheli la nazi na samaki wa kukaanga. Nilipoanza kushukuru akanizuia. "Kula kwanza, mwanangu, maneno yatakukuta."

Baada ya swala ya adhuhuri, mjukuu wake akanipeleka chemchemi, panapoitwa Chemchem. Ni kivuli cha miti mikubwa, ardhi ya unyevu, ubaridi unaokupiga kifuani ukitoka juani. Maji haya ndiyo Barghash aliyoyatia kwenye mfereji kwenda mjini. Mtoto akaniambia ninyamaze. Nimenyamaza. Mwanzo unasikia majani tu na gari la mbali. Kisha chini kabisa, kama mtu anayezungumza amefunga mdomo, maji yanatoka ardhini: bu, bu, bubu, bu. Yanabubujika. Neno lenyewe la Kiswahili limeyaiga.

Na ushahidi upo. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, anapataja mahali hapa kwa jina hilihili la Bububu. Alikaa hapa kwenye shamba la pwani kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866. Treni ilikuja karibu miaka arobaini baada ya yeye kuondoka. Mzee wa Sokomuhogo alikuwa sahihi. Gari lilikuja likalikuta jina, na kwa kuwa nalo lilikuwa likisema bu-bu-bu, watoto waliozaliwa baadaye wakadhani ni lake. Sikuona haya kwa yule kijana aliyekosea. Kijiji kilichopewa jina na maji, kisha kikapata gari linaloliita jina hilo kila siku likiingia! Hata mimi ningeamini.

Nilimuuliza mtoto yeye anasikia nini. Akasikiliza kwa makini sana, akainama mpaka nywele zikagusa majani. "Nasikia wanakuja," alisema.

Jioni nimekwenda pwani kutazama ngalawa zikirudi. Bi mkubwa ameniwekea mkeka nje. Kutoka barabarani, mpaka saa nne ya usiku, sauti ya makonda ilikuwa ikitufikia.

Siku ya tano, Jumatatu

Nimerudi mjini kwa 502, gari ya mbao, nimeisubiri makusudi, nikaziacha mbili za vioo. Nimekaa benchi la ubavuni. Mwendo wote nilioufanya siku tatu kwa miguu umekwisha kabla kahawa ya asubuhi haijapoa tumboni: Beit el Ras, Kibweni, Mtoni, Maruhubi, Gulioni. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa na kapu la ndimu na mchicha uliofungwa kwa ukindu, na kila gari ilipopiga shimo alilishika kapu kwa mguu. Nilimwambia jina la kijiji chake lilitoka kwenye maji. "Tunajua," alinijibu. "Kwani walikwambiaje?"

Boti yangu ni ya saa sita. Nimefika bandarini mapema, nikasimama ukingoni ambapo nilishuka Alhamisi bila kutazama chini. Leo nimetazama. Chini ya zege, maji yalipoteremka kidogo, yanaonekana mawe, yamefunikwa na ukoga wa kijani, kaa wadogo wanaingia na kutoka. Mchukuzi mmoja amesimama karibu yangu, naye akatazama.

"Umeangusha nini, bwana?"

"Sijaangusha," nikasema. "Haya mawe yalikuja na gari la moshi."

Akachuchumaa, akayatazama kwa muda, akaniuliza kutoka wapi. Nikamweleza. Begi langu lina shelisheli mbili alizonifungia bi mkubwa kwenye gazeti, nizipeleke Tanga. Boti imepiga honi ya kwanza, na mchukuzi bado anauliza.